Ugonjwa Uliokuja Nikipiga Magoti

Nianze na jambo moja ili tusipotezeane muda: sikuwa na kiburi. Nilikuwa na uvimbe moyoni. Vitu hivi viwili havifanani hata kidogo, lakini nyumbani kwa wakwe zangu, kwa karibu miaka miwili, hakuna aliyeweza kuvitofautisha. Na waliosomea kuvitofautisha walinilaza kitandani, wakanibonyeza tumbo, wakanirudisha nyumbani na dawa za vidonda vya tumbo.

Naandika nikiwa na hasira. Wapo walioniambia nisubiri kwanza hasira ipoe ndipo niandike. Nimesubiri. Haijapoa, imekomaa tu.

Wazazi wangu walikuja Sumbawanga kutoka Mbeya kwa kazi ya serikali, na mimi nimezaliwa na kukulia hapa mjini. Kifipa nilichojua kilikuwa cha mtaani, cha kununulia maharage sokoni na kugombana na watoto wenzangu. Nilipochumbiwa na mume wangu, ambaye ni Mfipa wa kijijini, kule nje ya mji ambako upepo hauna wa kuuzuia, jirani yetu mmoja mtu mzima alinikalisha chini akanifundisha kusalimia wakwe. Kwenye ukoo wa mume wangu mwanamke hasalimii wakwe akiwa amesimama. Anapiga magoti, anainamisha kichwa na kifua, anakutanisha viganja alivyovikunja kidogo na kuvipiga polepole, kwa mlio mzito, si makofi ya harusini. Huku anapiga anaulizwa na yeye anauliza: mmelalaje, mmeamkaje, watoto, shamba, mifugo, wagonjwa, wageni. Na hainuki mpaka mkubwa amalize. Hilo la mwisho ndilo lililotaka kuniua.

Nililipenda jambo lile, na ninaomba lieleweke hivyo. Nilifanya mazoezi chumbani kwangu mpaka magoti yakaanza kuwa meusi. Siku niliyopelekwa kwa wakwe nilisalimia hadi wamama wakapiga vigelegele, na mama mkwe akawatangazia majirani kwamba huyu wa Mbeya amewazidi wenyewe. Alilirudia hilo msimu mzima, kisimani, kanisani, kwenye pombe ya ulezi. Kwa hiyo asije mtu akaniambia sikujua heshima. Heshima niliijua kuliko mawifi zangu waliozaliwa nayo.

Tulijenga kwenye uwanja uleule wa wakwe, nyumba ya matofali ya kuchoma ikitazamana na ya mama mkwe. Baba mkwe alikuwa amekwisha kufariki. Mume wangu ni mfanyabiashara wa samaki wakavu. Anashuka ziwani, Kasanga au Kipili, kuchukua dagaa na migebuka, anapandisha na kuuza mjini, kwa hiyo nyumbani anaonekana kwa vipindi. Mimi nililima. Mungu akatupa binti mmoja, na kwa miaka michache ya mwanzo sikuwa na la kulalamikia.

Dalili ya kwanza ilinikuta shambani, mvua zikielekea kwisha, wakati wa kupiga matuta. Kwa asiyeyajua matuta ya Kifipa: unakata nyasi, unazirundika, unazifunika kwa udongo pande zote mpaka lisimame tuta la mviringo, na nyasi zinaoza humo ndani kuwa mbolea. Ni kazi ya kuinama tangu asubuhi hadi jua likae kichwani. Niliinama na jembe, na dunia ikazimika. Sikuhisi maumivu yoyote. Kifua kilijaa ghafla, pumzi ikakosa pa kupita, nikaona giza na nikajikuta nimelala kwenye nyasi nikitazama mawingu. Na pale chini, nikiwa nimelala, pumzi ilirudi yenyewe. Nikakaa kidogo, nikaona aibu, nikainuka kuendelea. Nilipoinama tena, ikanikata tena.

Nilijipa majibu yangu. Sijala vizuri. Nina mimba. Jua kali. Lakini sikuwa na mimba, na nilikuwa nimekula ugali wa ulezi wa kushiba wanaume wawili. Baadaye kikaja kikohozi kikavu, kikaja kizunguzungu cha kuamka, zikaja homa ndogondogo za jioni zilizokuja na kuondoka kama zina ratiba yake. Sketi zikaanza kunipwaya. Viungo vya vidole vikauma. Kila dalili ilikuja peke yake na ilikuwa na jina lake jepesi, malaria, mafua, uchovu, baridi ya mwezi wa sita, na hakuna aliyeziweka zote mahali pamoja akazitazama.

Ila kulikuwa na moja ambayo haikuwa na jina jepesi, na ndiyo iliyoniharibia sifa. Nikilala napona. Nikisimama muda mrefu naumwa, nikipiga magoti naumwa zaidi, nikiinama na kazi naanguka. Nikijilaza kwa ubavu, baada ya muda mfupi niko mzima, naongea, nacheka, naomba uji. Hebu fikiria ugonjwa wa namna hiyo katika nyumba ya wakulima. Ungefanya nini kingine zaidi ya kuuita uvivu? Hata mimi, kama ningesimuliwa habari za mke wa mtu anayeugua akishikishwa jembe na kupona akifika kitandani, huenda ningecheka. Lakini nilikuwa mimi, na sikucheka.

"Ugonjwa gani huu unaojua saa za kazi?" mama mkwe aliuliza siku moja, akimwambia wifi yangu huku mimi nikisikia. Alitaka nisikie.

Kisha likaja la salamu. Kila asubuhi nilivuka uwanja kwenda kumsalimia mama mkwe, na kila asubuhi ilikuwa vita. Nilipiga magoti, nikainamisha kifua, nikaanza kupiga viganja, na baada ya maswali mawili matatu nilisikia moyo unagonga ovyo na masikio yanafunga. Mama mkwe alikuwa mtu wa salamu ndefu. Alipoona nina haraka ya kuinuka aliziongeza. Akamaliza watoto wetu, akaingia kwenye watoto wa jirani, akaingia kwenye ng'ombe wa wale wafugaji waliohamia bondeni Mtowisa, ambao yeye hajawahi hata kuwaona. Mimi niko chini, jasho la baridi linanitoka, naitikia kwa sauti isiyotoka. Nikawa nashika ukuta. Nikawa nachuchumaa badala ya kupiga magoti. Mwishowe, siku moja ya upepo mkali, niliona kabisa kwamba nikishuka chini sitainuka, nikamsalimia nikiwa nimesimama, nimeegemea mlango wake.

Hakuitikia. Alinitazama kuanzia miguuni mpaka usoni, akaingia ndani, akafunga mlango.

Nilijaribu kumweleza mume wangu aliporudi na mzigo wake. Nilimweleza kila kitu, kuinama, kulala, giza, kifua. Mume wangu si mtu mbaya. Ni mtu anayetaka kila mtu anyamaze ili ale chakula chake. Akasema, "Mama watoto, si umpigie tu magoti mama yaishe? Ni dakika moja." Dakika moja! Ningeweza kumrushia bakuli la mboga. Sikumrushia kwa sababu kunyanyua mkono wenyewe ilikuwa kazi.

Kikao kikaitwa. Akaja baba mdogo wa mume wangu, mzee wa kanisa, akakaa kwenye kiti cha mgongo. Mama mkwe kwenye kigoda. Mume wangu kwenye benchi akiangalia viatu vyake. Kesi ilikuwa mimi. Nikaambiwa kwamba mtoto wa maofisini ameanza kuonyesha rangi yake, kwamba nilikuja na heshima ya kuazima na sasa imeisha muda. Nikaulizwa kama nina la kusema. Nikasema naumwa.

"Unaumwa nini?"

"Sijui. Nikipiga magoti naishiwa pumzi."

Baba mdogo aliguna. "Nimeishi miaka mingi, binti. Sijasikia ugonjwa wa magoti unaoziba pumzi."

"Siyo magoti, baba mdogo. Ni kifua."

"Basi yaishe. Msalimie mama yako hapa hapa, mbele yetu, tuendelee na maisha."

Nikamtazama mume wangu. Akaendelea na viatu vyake. Nikapiga magoti, nikainama, nikaanza kupiga viganja, na mama mkwe akaanza salamu zake taratibu, moja moja, kama anayechambua mchele. Sikumbuki alifika wapi. Nakumbuka nilinyanyua uso ili apunguze, na nikaona ananiona vizuri kabisa na hapunguzi.

Nilipofumbua macho nilikuwa nimelala kwa ubavu sakafuni, na kama kawaida pumzi ilikuwa inarudi. Mume wangu alikuwa amenishika kichwa. Mama mkwe hakuwa ameondoka kwenye kigoda.

"Mwacheni," alisema. "Amejilaza. Sasa hivi mtaona anaamka mzima."

Na kweli, ole wangu, niliamka mzima. Ndani ya muda mfupi nilikuwa nimekaa, nakunywa maji, uso umerudi rangi yake. Baba mdogo akatikisa kichwa kwa huzuni, akafunga kikao kwa sala ya kuniombea roho ya unyenyekevu. Kama kuna siku niliyoichukia sala maishani mwangu, ni ile.

Mtu akisikia natoka Sumbawanga huwa anadhani anajua kilichofuata. Anadhani waliniambia nimerogwa. Jamani, ningerogwa ingekuwa nafuu! Aliyerogwa anahurumiwa, anazungukwa na ndugu, anapikiwa uji, anatafutiwa msaada huku na huko. Kwangu hakuna aliyelitaja hilo hata siku moja. Mvivu mwenye kiburi hapewi pole na mtu yeyote. Anasubiriwa ajirekebishe.

Nilianza safari za matibabu peke yangu, mume wangu akiwa ziwani. Zahanati ya kijijini walinipima malaria, hakuna, wakanipa dawa za malaria. Nikaenda mjini. Nimepimwa kifua kikuu mara mbili, nimepimwa virusi, nimepimwa mimba na kijana ambaye alikataa kuamini jibu lake mwenyewe. Nimeambiwa ni vidonda vya tumbo. Nimeambiwa ni presha ya kushuka, niongeze chumvi. Hospitali ya pili wakaniambia niache chumvi. Mwingine alinitazama kwa upole uliozidi, akauliza kama nina matatizo na mume. Nikamwambia ninayo, lakini si yanayoniangusha. Akaandika kwamba nina mawazo.

Kila nilipofika nilirudia maneno yaleyale: nikisimama au nikiinama kifua kinaziba, nikilala kinafunguka. Na kila nilipofika niliambiwa maneno yaleyale: panda kitandani, lala chali. Nikilala chali wananisikiliza, na moyo unapiga vizuri kama hakuna lililowahi kutokea. Redio mbovu ikipelekwa kwa fundi huwa inaimba. Yupo mmoja aliyekaribia. Huyo alishuku moyo, akaniuliza lile swali lao.

"Usiku unalalia mito mingapi?"

"Mmoja. Na wakati mwingine hata huo nautoa."

"Ukilala hubanwi na pumzi? Huamki ukatafuta dirisha?"

"Hapana, daktari. Nikilala ndiyo napumua."

Akafurahi kwa ajili yangu. "Basi moyo wako hauna shida, mama. Mwenye ugonjwa wa moyo hawezi kulala bapa." Akanipigapiga begani. Nilitoka pale nikiwa sijui nilie au nirudi nimpige na kiti chake. Jibu langu lilikuwa mbele yake, limepinduka tu, akalitupa kwa sababu halikufanana na swali alilolizoea.

Wakati huo binti yangu alikuwa hajaanza shule. Mchana mmoja nilikuwa nimejilaza kwenye mkeka barazani, yeye na watoto wenzake wanacheza uwanjani mchezo wa nyumba, na mahindi yaliyovikwa vitambaa ndiyo watoto wao. Wenzake walikuwa wanatwanga na kuchota maji. Yeye alilala chini, mkono kichwani, macho juu.

"Wewe ni nani?" mwenzake akamwuliza.

"Mimi mama. Nimechoka."

"Inuka, mvivu!" wakasema wote kwa pamoja, wakacheka, na yeye akacheka kuliko wote.

Nilijifunika kanga usoni. Hapo ndipo nilipojua ninachoogopa. Kufa nilikuwa nimeshaanza kukuzoea. Mtu anayezimika mara kwa mara anazoea. Nilichoogopa ni kufa na kuacha jina lile. Mwanangu angekua kwenye uwanja ule, angemwuliza bibi yake mama alikuwa mtu wa namna gani, na angejibiwa. Na angeamini, kwa sababu ameniona kwa macho yake nimelala mchana.

Halafu asubuhi moja kikombe cha chai kilinidondoka. Mkono wa kulia ulikuwa umelala, na ulimi ulikuwa mzito, maneno yanatoka yamepinda. Ilichukua muda wa kupikia maharage, kisha vyote vikarudi. Mama mkwe aliona chai imemwagika, akasema kumbe sasa hata kikombe ni kazi nzito. Nilivaa koti, nikambeba mwanangu hadi kwa jirani, nikapanda pikipiki ya kwenda mjini huku nimemwegemea dereva mgongoni mpaka akaona haya.

Chumba cha daktari kilikuwa na foleni mpaka nje. Ilipofika zamu yangu nikamkuta daktari mgeni, mwanamume mdogo kwangu kwa miaka, macho mekundu kwa uchovu. Nikaeleza. Akaandika. Akasema bila kunyanyua kichwa:

"Panda kitandani, mama, ulale chali."

"Sipandi."

Sasa akanyanyua kichwa. "Nitakupimaje?"

"Nipime nikiwa chini."

Nikapiga magoti kwenye sakafu yake ya saruji. Nikainamisha kifua. Nikakutanisha viganja na kuanza kupiga, polepole, mlio mzito, kama nilivyofundishwa. Muuguzi aliyekuwa mlangoni akashika mdomo. Daktari akaruka kutoka kitini kwake, ameaibika kabisa.

"Mama, mama, usifanye hivyo. Mimi mdogo kwako. Tafadhali inuka."

"Sikusalimii wewe," nikamwambia, na pumzi ilikuwa imeanza kukatika. "Ninaumwa. Hivi ndivyo ninavyoumwa. Wote mmenipima nikiwa nimepona. Nisikilize sasa, na uwahi, kwa sababu sichelewi kuanguka."

Sijui kwa nini alitii. Labda ni sauti yangu. Nilikuwa nimempigia kelele. Alipiga magoti mbele yangu sakafuni, koti jeupe likaburura vumbi, akaingiza kile chombo cha kusikilizia chini ya blauzi yangu. Akasema niache kupiga viganja. Uso wake ulibadilika polepole, kama mtu anayesikia hatua za mgeni kwenye nyumba aliyodhani ni tupu.

"Lala," akasema. Nikalala palepale sakafuni. Akasikiliza. "Piga magoti tena, kidogo tu, nimekushika." Akasikiliza. Akavuta pumzi.

"Kuna aliyewahi kukusikiliza hivi?"

"Wote walinilaza."

Hakusema neno baya juu ya wenzake, na mimi sikumsaidia kuwatetea. Alinikalisha kwenye kiti chake mwenyewe, akanikataza kurudi kijijini, akanikataza kabisa kuinama, akapiga simu. Nilisikia akisema, "Sauti inatokea akiinuka, akilala inapotea." Maneno yaleyale niliyoyasema miaka karibu miwili. Tofauti ni kwamba yeye aliyasema kwa simu.

Mume wangu alipandisha kutoka Kasanga bila mzigo, tukaenda Mbeya kwenye kipimo cha picha cha moyo, kinachofanana na kile wanachopimwa wajawazito. Mpimaji alinigeuzia kioo. Moyo wangu ulikuwa unapiga, na ndani ya chumba chake cha juu, upande wa kushoto, kitu kama kipande cha nyama kilikuwa kimening'inia kwenye kikonyo, kinayumba. Walinieleza kwa lugha nyepesi. Ni uvimbe, lakini si saratani, haung'ati wala hauli mwili. Kosa lake ni mahali ulipokaa. Nikisimama au nikiinama mbele unashuka na kuziba mlango ambao damu inapitia. Nikilala unarudi nyuma na mlango unafunguka. Homa zile, kukonda kule, maumivu ya vidole, vyote vyake. Na ule mkono uliolala na ulimi uliopinda ni kipande kidogo kilichomeguka kikapanda kichwani, na kingekuwa kikubwa kidogo tu, nisingeamka.

Mume wangu alikitazama kioo muda mrefu. Kisha akainamisha uso akalia, mtu mzima na ndevu zake, akisema, "Na mimi nilisema ni dakika moja." Sikumbembeleza. Nilimwacha alie. Nilikuwa namhitaji anibebee begi, si vinginevyo.

Dar es Salaam walinipasua kifua wakautoa. Sitaelezea sana, nililala na ugonjwa nikaamka bila, na katikati yake sina kumbukumbu, ila maumivu ya mfupa wa kifua baada ya hapo nisingemtakia hata mama mkwe, na hilo nimelifikiria vizuri kabla ya kuliandika. Wodini mgonjwa wa kitanda cha jirani alipojua natokea wapi alicheka hadi akashika mshono wake. "Sumbawanga? Na wewe umekuja na basi? Si mna ungo?"

"Ungo ulijaa," nikamwambia, nikageukia ukutani.

Nilirudi nyumbani baridi ikiwa imeanza. Njia nzima, tangu Tunduma, tangu Laela, nilikuwa napanga maneno ya kumwambia mama mkwe. Nilikuwa na maneno mengi na makali. Nilikuwa nimeupanga mpaka mkao: nitasimama wima, nitafungua blauzi, nitamwonyesha mshono tangu juu hadi chini, nitauliza kama na huu niliupata kwa kujilaza.

Uwanja ulikuwa umejaa. Baba mdogo kwenye kiti chake cha mgongo, majirani, wakwe, watoto. Mama mkwe kwenye kigoda kilekile. Binti yangu akanikimbilia, akasimama hatua chache mbele yangu, akapiga magoti mavumbini na kupiga viganja vidogo, akanisalimia kwa Kifipa safi, kama alivyofundishwa nilipokuwa sipo. Nilimwinua kabla hajamaliza. Nikamshika mkono, nikamtazama bibi yake, na maneno yangu yote ya njiani nikayaona ni mepesi.

Nilijua la kufanya. Watu wote hawa waliniona nikianguka, basi wanione nisivyoanguka. Nilikwenda mpaka mbele ya kigoda, nikapiga magoti, nikainamisha kifua kilichoshonwa, nikakutanisha viganja. Kifua kiliuma, lakini pumzi ilipita. Mama mkwe akaanza, safari, afya, ndugu wa Mbeya, watu wa Dar, na mimi nikaitikia moja baada ya nyingine kwa sauti iliyofika mpaka barabarani. Masikio hayakufunga. Moyo ulipiga kama moyo wa mtu yeyote. Ningeweza kukaa pale mpaka jua lizame. Nilisubiri amalize, na nikasubiri neno moja, kwa sababu hata hasira yangu ilikuwa tayari kulipokea. Pole. Ningeridhika na pole tu.

Mama mkwe alimaliza salamu. Akageuka kwa majirani, ameridhika, mkono wazi ukinionyesha.

"Mnaona?" akasema. "Kumbe akitaka anaweza."

Majirani waliitikia kwa vichwa. Nikainuka, nikajipangusa vumbi magotini, nikamchukua mwanangu tukaingia nyumbani kwetu.

Tangu siku ile namsalimia kila asubuhi, sijawahi kuacha hata moja, nikiwa nimesimama. Kijiji kizima kinasema mke yule ana kiburi. Safari hii hawajakosea.